Mrithi wa Panadol Bado Anatafutwa

Kuanzia Kigoma hadi Lamu, mtu anayeingia duka la dawa huku kichwa kinamgonga hamtajii muuzaji jina la kemikali. Anasema "Nipe Panadol," anapewa parasetamoli ya kiwanda kingine kabisa, analipa na kuondoka ameridhika. Jina la bidhaa moja limemeza jina la dawa yenyewe, kama Colgate ilivyomeza jina la dawa ya meno. Mabibi hufunga vidonge viwili kwenye pindo la kanga pamoja na nauli. Zimewahi kusikika hata habari za wapishi wanaotumbukiza vidonge hivyo sufuriani ili nyama ngumu iive upesi. Dawa ikishaingia jikoni, ujue watu wameacha kuiogopa.

Na kwa kweli, ikimezwa kwa kipimo chake, sababu za kuiogopa ni chache. Haichubui tumbo kama aspirini, haileti usingizi, haina uraibu, na hata mtoto mchanga anaweza kupewa kwa kipimo cha uzito wake. Tatizo ni kwamba umbali kati ya kipimo kinachoponya na kipimo kinachodhuru ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Mtu mzima mwenye afya haruhusiwi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Nchini Marekani na Uingereza, kuzidisha parasetamoli ndiko kunakoongoza katika kuwafikisha watu hospitalini wakiwa na ini lililokufa ghafla.

Ndiyo maana watafiti kadhaa duniani wamekuwa wakiisaka dawa itakayofanya kazi ile ile ya kutuliza maumivu na kushusha homa, bila kuligusa ini. Si msako mpya. Tangu karne ya 19 kila kizazi kimepata dawa iliyoitwa salama kuliko iliyotangulia, na karibu kila mara madhara yalikuwa yamehama tu kutoka kiungo kimoja cha mwili kwenda kingine.

Kisa chenyewe kilianza kwa kosa la duka la dawa. Mwaka 1886, mjini Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani, madaktari wawili vijana, Arnold Cahn na Paul Hepp, walikuwa wakijaribu kutibu minyoo kwa naftalini, ile ile ya vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kufukuza wadudu. Mgonjwa mmoja akanywa dawa aliyoandikiwa. Minyoo haikutikisika, lakini homa yake ikashuka. Chupa ilipochunguzwa, ikabainika kwamba ndani hamkuwa na naftalini hata kidogo. Mlikuwa na asetanilidi, kemikali iliyotumika katika viwanda vya rangi za nguo.

Muda si mrefu asetanilidi ikawa inauzwa kwa jina la Antifebrin. Ilikuwa rahisi kutengeneza na homa ilishuka kweli. Ila baadhi ya waliotumia waligeuka rangi ya buluu midomoni na kwenye kucha, kwa sababu dawa ile iliiharibu damu ikashindwa kubeba oksijeni. Hapo kampuni ya Bayer, iliyokuwa na masalia mengi ya kemikali za rangi yasiyo na kazi, ikaona mwanya. Mwaka 1888 ikaleta sokoni binamu wa asetanilidi aliyeitwa fenasetini. Huyu hakuwageuza watu buluu kwa kiasi kile, na kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa salama.

Wafanyakazi wa mji wa Huskvarna, Uswidi, waliyaona ya fenasetini kwa muda mrefu. Baada ya homa kali ya mafua ya mwaka 1918, daktari mmoja wa mji huo, Hjorton, aliwaandikia wagonjwa wake unga wenye fenasetini, fenazoni na kafeini. Mafua yakaisha, unga ukabaki. Watu wa kiwandani waliendelea kuutumia zamu kwa zamu ili wachangamke na wamudu kasi ya kazi, kama wengine wanavyotafuna mirungi. Miongo kadhaa baadaye ndipo madaktari walipohesabu makaburi na kuona kwamba mji huo ulikuwa ukipoteza watu kwa ugonjwa wa figo kuliko ilivyotarajiwa. Fenasetini ilikuwa imeiacha damu na kuhamia kwenye figo. Marekani haikuiondoa sokoni hadi mwaka 1983.

Linalouma zaidi ni kwamba dawa bora kuliko hizo zote ilikwishatengenezwa tangu mwanzo. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, mkemia Harmon Northrop Morse alichapisha mwaka 1878 namna ya kupata kemikali ambayo leo tunaiita parasetamoli. Hakuwa akitafuta dawa, na hakuna aliyemeza alichokipata. Mwaka 1893 daktari wa Kijerumani Joseph von Mering aliijaribu kwa wagonjwa, akaandika kwamba nayo inageuza damu. Wataalamu wengi wa leo wanashuku kwamba sampuli yake ilikuwa na uchafu. Lakini neno la profesa lilikwishatoka, na kidonge ambacho sasa kimejaa dunia nzima kikalala kabatini zaidi ya miaka 50.

Waliokiamsha ni Bernard Brodie na Julius Axelrod, waliokuwa wakifanya utafiti New York. Swali lao lilikuwa jepesi: asetanilidi ikishaingia mwilini inageuka kuwa nini? Mwaka 1948 walichapisha jibu. Mwili huigeuza kuwa parasetamoli, na parasetamoli hiyo ndiyo inayotuliza maumivu. Sumu inayogeuza damu inatokana na vitu vingine. Baadaye ikaonekana kwamba fenasetini nayo hufuata njia hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, kwa zaidi ya nusu karne wagonjwa walikuwa wakitengeneza parasetamoli ndani ya miili yao wenyewe, wakilipia damu na figo kama gharama ya usafirishaji.

Mwaka 1955 parasetamoli ya maji kwa watoto, iliyoitwa Tylenol, ikaingia madukani Marekani. Mwaka 1956 ikafuata Panadol nchini Uingereza, na mwanzoni ilihitaji cheti cha daktari.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1966, madaktari wa Edinburgh, Scotland, waliripoti wagonjwa waliomeza vidonge vingi vya parasetamoli kwa mkupuo na kufa kwa kuharibika ini. Madhara yalikuwa yamehama tena.

Namna ini linavyouawa ilieleweka mwaka 1973, kupitia kundi la watafiti wa Marekani ambalo Brodie yule yule alikuwamo. Sehemu kubwa ya parasetamoli inayoingia kwenye ini hufungwa pamoja na vitu vingine na kutoka kwa mkojo bila vurugu. Sehemu ndogo hushikwa na vimeng'enya na kugeuzwa kuwa kitu kikali ambacho wanakemia wanakiita kwa kifupi NAPQI. Hiki kingekuwa na nafasi kingechoma seli za ini papo hapo. Lakini ini lina akiba ya glutathioni, ambayo kazi yake inafanana na ya gari la taka: inapita, inazoa, inakwenda kumwaga. Mtu akimeza vidonge viwili, taka ni kidogo na gari linatosha. Akimeza 20, gari linajaa, akiba inaisha, na taka iliyobaki mtaani inaanza kuunguza nyumba.

Akiba hiyo haiko sawa kwa watu wote. Aliyekaa na njaa siku kadhaa anayo kidogo. Mlevi wa siku nyingi anayo kidogo, tena vimeng'enya vyake vinavyotengeneza NAPQI vimechangamka zaidi. Mtoto mwenye utapiamlo naye yumo. Kwa hiyo kipimo ambacho jirani anakimeza na kwenda shambani kinaweza kumfikisha mwingine wodini.

Tena sumu hii ina hila. Siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia kichefuchefu tu, au asijisikie chochote. Anaamka, anakula, ndugu wanashukuru Mungu. Siku ya pili au ya tatu macho yanakuwa ya manjano, na hapo ini limekwishaungua.

Dawa ya kuokoa ipo. Inaitwa asetilisisteini, na kazi yake ni kulirudisha barabarani gari la taka kwa kuupa mwili malighafi ya kutengenezea glutathioni. Daktari Laurie Prescott na wenzake wa Edinburgh walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba ikitolewa ndani ya saa nane tangu vidonge vimezwe, karibu kila mgonjwa huokoka. Baada ya hapo kila saa inayopita inapunguza matumaini.

Kwa nini basi kidonge chenyewe kisitengenezwe upya ili NAPQI isizaliwe kabisa? Swali hilo ndilo lililomshughulisha kwa muda mrefu Nicolas Bazan, mtaalamu wa ubongo mzaliwa wa Argentina, katika kituo cha sayansi za afya cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana mjini New Orleans. Alishirikiana na wanakemia wa Hispania wakiongozwa na Julio Álvarez-Builla wa Chuo Kikuu cha Alcalá. Walichofanya mwanzoni kinachekesha kidogo: waliichukua parasetamoli wakaishikanisha na sakarini, ile sukari bandia ya watu wa kisukari.

Sakarini nayo ilizaliwa Johns Hopkins, mwaka 1879, mwaka mmoja baada ya Morse kuchapisha kazi yake. Constantin Fahlberg alikuwa akifanya kazi katika maabara ya profesa Ira Remsen, akaenda kula bila kunawa vizuri, akashangaa mkate kuwa mtamu kupita kiasi. Molekuli mbili zilizozaliwa chuo kimoja, karibu wakati mmoja, zilisubiri zaidi ya karne nzima kabla ya kufungishwa ndoa.

Kutokana na wazo hilo, kundi lile liliendelea kubadilisha muundo, likipunguza hapa na kuongeza pale. Mwaka 2020 lilichapisha taarifa ya molekuli mpya 21 za jamii hiyo. Zilizofanya vizuri zaidi zilituliza maumivu na kushusha homa kwa wanyama wa maabara, na ini halikuonyesha dalili za kuungua kwa vipimo ambavyo parasetamoli ya kawaida iliacha majeraha. Mgombea aliyechaguliwa kuendelea anaitwa SRP-001. Anamilikiwa na kampuni ya South Rampart Pharma, iliyoanzishwa kutokana na kazi hiyo, na amekwishapita hatua ya kwanza ya majaribio kwa binadamu, ile ya kuwapa watu wenye afya ili kuona kama wanaivumilia. Waliivumilia vizuri.

Jambo moja katika kazi hiyo linawavutia wanasayansi hata wasiojali ini. Kwa miongo mingi hakuna aliyeweza kueleza sawasawa jinsi parasetamoli inavyotuliza maumivu. Aspirini ilieleweka tangu mwaka 1971, pale John Vane wa London alipoonyesha kwamba inazuia utengenezaji wa prostaglandini, na kazi hiyo ikampa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Parasetamoli haikuingia vizuri kwenye maelezo hayo. Kisha mwaka 2005 watafiti wa Lund, Uswidi, walionyesha kwamba sehemu yake ikifika kwenye ubongo hugeuzwa kuwa kitu kiitwacho AM404, kinachogusa mitambo ya mwili ya kuzima maumivu. Kundi la New Orleans linasema SRP-001 nayo inazalisha AM404 katika sehemu ya ubongo wa kati inayosimamia maumivu. Kama ndivyo, basi faida na sumu za parasetamoli zinapita njia mbili tofauti, na mtu anaweza kuziba moja akaiacha nyingine wazi.

Habari njema, lakini msomaji asikimbie kununua. SRP-001 haiko dukani. Hatua ya kwanza hupima watu wachache wazima kwa muda mfupi. Haisemi lolote kuhusu mjamzito, mtoto wa miaka miwili, au fundi mwenye mgongo mbovu atakayeimeza kila asubuhi kwa miaka sita. Na ni vizuri kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya sifa zake hadi sasa inatoka kwa watu wenye hisa ndani yake. Hilo si kosa, dawa nyingi huanza hivyo. Ila msifu chungu asiwe mfinyanzi peke yake.

Kuna sababu ya uangalifu huo, na jina lake ni Vioxx.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini. Bahati mbaya prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo, ndiyo maana mtu anayezitumia sana hupata vidonda na hata kutapika damu. Mapema miaka ya 1990 ikagundulika kwamba mwili una vimeng'enya viwili vya kutengeneza prostaglandini, kimoja kikihudumia tumbo na shughuli za kila siku, kingine kikiamka zaidi panapokuwa na uvimbe. Wazo likaja lenyewe: tengeneza kidonge kinachokizima cha pili na kukiacha cha kwanza. Kampuni ya Merck ikafanya hivyo, na mwaka 1999 Vioxx ikaingia sokoni kama faraja kwa wagonjwa wa viungo.

Matumbo yalipona kweli. Mioyo ndiyo iliyolipa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha waliotumia Vioxx wakipata mshtuko wa moyo zaidi kuliko waliotumia dawa ya zamani, naproksini. Ukazuka ubishi: labda Vioxx haidhuru moyo, labda naproksini ndiyo inayoulinda. Ubishi huo ulichukua miaka minne. Tarehe 30 Septemba 2004, baada ya utafiti mwingine kulinganisha Vioxx na kidonge kisicho na dawa na kuonyesha hatari ile ile, Merck iliiondoa dunia nzima. David Graham wa mamlaka ya dawa ya Marekani alikadiria na wenzake kwamba Wamarekani kati ya 88,000 na 140,000 walipata ugonjwa mbaya wa moyo kwa sababu yake. Mwaka 2007 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza kesi.

Diklofenaki nayo imewahi kudhuru mahali ambapo hakuna daktari aliyekuwa akitazama. Katika miaka ya 1990 tumbusi wa India na Pakistan walianza kudondoka kutoka mitini. Kufikia mwaka 2007, tumbusi wa jamii moja nchini India walikuwa wamepungua kwa asilimia 99.9. Watu walifikiri ni ugonjwa. Mwaka 2004 kundi la mtaalamu wa mifugo Lindsay Oaks lilitoa jibu kutoka Pakistan: ng'ombe na nyati wa kufugwa walikuwa wakidungwa diklofenaki wanapochechemea, wakifa mizoga yao ikaliwa na tumbusi, na figo za ndege hao zikasimama ndani ya siku chache. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka.

Hapa mrithi alipatikana haraka, kwa sababu alikuwa tayari kwenye rafu. Ni meloksikamu, dawa ya jamii hiyo hiyo. Majaribio yalifanywa Afrika Kusini kwa tumbusi wa Kiafrika, hawakudhurika, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku diklofenaki ya mifugo. Katika simulizi zote za mbadala salama, hii ni miongoni mwa zile chache zinazoweza kusimuliwa bila "lakini" ndefu mwishoni. Ni kwa sababu swali lilikuwa finyu na lilijibiwa kabla ya dawa kuhimizwa iwe mbadala: je, inamuua ndege huyu au haimuui?

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, haja ya mrithi wa parasetamoli ni ya kila siku kuliko inavyoonekana. Dar es Salaam ilipokumbwa na homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, ujumbe wa madaktari ulikuwa mmoja: mgonjwa wa dengue asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Inabaki parasetamoli. Mtoto mwenye homa ya virusi naye haruhusiwi aspirini, kutokana na ugonjwa wa nadra wa ubongo na ini ulioelezwa na daktari wa Australia, Douglas Reye, mwaka 1963. Inabaki parasetamoli, au ibuprofeni kwa tahadhari. Mjamzito aliyevuka nusu ya mimba hashauriwi ibuprofeni wala diklofenaki, maana zinaweza kuathiri figo na moyo wa aliye tumboni. Inabaki parasetamoli. Mwenye vidonda vya tumbo, vivyo hivyo. Mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni moja ya nchi zinazozaa watoto wengi wenye nao, anaishi na maumivu ya mifupa yanayorudi mwaka mzima, na figo zake tayari ziko hatarini, kwa hiyo ibuprofeni ya kila wiki si jambo la kuchezea.

Kidonge kimoja, basi, kimeegemewa na watu wengi mno wasio na pengine pa kwenda. Ndiyo maana uvumi juu yake hutikisa. Tarehe 22 Septemba 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alijitokeza Ikulu ya White House na kuwahimiza wajawazito wasitumie Tylenol, akiihusisha na usonji. Shirika la Afya Duniani likajibu kwamba ushahidi wa uhusiano huo haukubaliani. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa Uswidi uliofuatilia watoto zaidi ya milioni 2.4 ulikuwa umewalinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja ambaye mama aliitumia dawa wakati wa mimba yake na mwingine hakuitumia, na tofauti haikuonekana. Homa kali isiyoshushwa nayo ni hatari kwa mimba, jambo ambalo halikupata nafasi kubwa siku ile.

Njia nyingine ya kutafuta mrithi imeachana kabisa na prostaglandini na ini, ikaenda kwenye neva. Ilianzia Lahore, Pakistan, kwa mvulana aliyekuwa akifanya mazingaombwe barabarani: alijichoma visu mkononi na kutembea juu ya makaa bila kusikia chochote. Alikufa akiwa na umri wa karibu miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya nyumba. Kundi la Geoffrey Woods wa Cambridge liliwachunguza watoto wa familia tatu za Pakistan wenye hali hiyo hiyo, na mwaka 2006 likachapisha kwamba watoto hao walirithi hitilafu katika mlango mmoja wa sodiamu kwenye neva za maumivu. Mlango ukifa, ujumbe wa maumivu haupiti.

Kampuni za dawa zikaanza kuhangaika na milango hiyo. Kampuni ya Vertex ilichagua ndugu wa karibu wa mlango ule, na tarehe 30 Januari 2025 Marekani ikaidhinisha kidonge chake, suzetrijini, kinachouzwa kwa jina la Journavx, kwa watu wazima wenye maumivu makali ya muda mfupi kama yale ya baada ya upasuaji. Hakina uraibu wa dawa za jamii ya kasumba, na kwa nchi iliyozika maelfu kwa maelfu kwa sababu ya dawa hizo, hiyo ni hatua kubwa. Ila hakishushi homa. Na bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 15.50 kwa kidonge kimoja, cha kumezwa mara mbili kwa siku. Kwa mteja wa Kigoma aliyeingia kununua Panadol, huyo si mrithi.

Wakati maabara zikiendelea, kinga iliyookoa watu wengi mpaka sasa imekuwa ya kijinga kwa urahisi wake: ukubwa wa pakiti. Mwaka 1998 Uingereza iliweka sheria kwamba duka la dawa lisiuze pakiti yenye vidonge zaidi ya 32 vya parasetamoli, na maduka ya kawaida yasivuke 16. Watu wengi wanaojidhuru hufanya hivyo kwa hasira ya dakika chache, kwa kutumia kilichopo kabatini. Keith Hawton wa Oxford na wenzake walikadiria kwamba katika miaka 11 iliyofuata vifo vilipungua kwa asilimia 43, sawa na watu 765 ambao wangekufa. Hakuna molekuli mpya iliyohusika. Kwetu, ambako muuzaji anakata vidonge viwili viwili kutoka kwenye karatasi na kumpa mteja, tumelindwa na umaskini bila kujua, ingawa kopo la vidonge 1,000 nalo halikosekani kaunta.

Hatari ya hapa ni nyingine: kumeza parasetamoli mara mbili kwa majina tofauti. Vidonge vya mafua, vya maumivu ya mgongo na vya hedhi mara nyingi vina parasetamoli ndani yake, imechanganywa na kafeini au ibuprofeni, na jina la kuvutia limeandikwa kwa herufi kubwa mbele. Mtu anameza Panadol mbili saa mbili asubuhi, dawa ya mafua mbili saa nne, za mgongo mbili saa sita, na kwa hesabu yake ametumia dawa tatu. Ini lake limepokea dawa moja mara tatu. Kwa hiyo geuza pakiti usome nyuma, au mwombe mfamasia akusomee. Kwa mtoto, dai kipimo kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa saa 24, na pima kwa kifaa kilichokuja na chupa, si kwa kijiko cha chai.

Na ukijua kwamba mtu nyumbani amemeza vidonge vingi, iwe kwa kukosea au kwa kukata tamaa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo pamoja na pakiti aliyotumia. Asiambiwe asubiri kwa sababu anaonekana mzima. Saa nane zinahesabiwa tangu alipomeza.